Mwidani na Santuri Zake za Kauboi

Mwidani aliingia kwetu Shika Adabu, huku Likoni, Jumapili ile baada ya alasiri, amevaa koti. Mwezi wa pili, mwaka wa tisini na mbili, joto limetukaba, watu wazima wanajipepea kwa ncha za leso, yeye koti. Nyuma yake mkokoteni wa mzee Nzai ulibeba televisheni ya Kijapani, mashine bapa ya rangi ya fedha, transfoma nzito kama jiwe la kusagia, na katoni iliyofungwa kwa kamba.

"Taratibu, mzee," Mwidani alisema. "Vitu hivyo hujaviona tangu uzaliwe."

"Basi nikivivunja sitajua nimevunja nini," mzee Nzai alimjibu, akaendelea kushusha.

Nilicheka ndani ya leso. Mwidani akageuka, jicho lake likanikuta mlangoni. Jicho lile lina desturi ya kukawia, likishakufikia halitoki upesi. Nikashika fremu ya mlango nikajifanya naitazama bawaba.

Nilimpenda. Nalisema mapema, msije mkadhani nilikuwa wa kumdharau tangu mwanzo. Dharau ilinijia siku ile ile, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, kidogo kidogo, kama mtu anavyoloweshwa na mvua ya manyunyu.

Miaka mitatu alikuwa melini. Miaka mitatu mimi nakaanga viazi karai nje ya dirisha la banda la video la Odhiambo, karibu na feri, na kila barua yake naisoma mara tatu kwa sababu kusoma kwangu ni kwa polepole na kwa sababu sikutaka iishe. Wanaume wawili walikuja kuniposa, nikamwambia mama bado. Sasa Mwidani amerudi, mamake ameleta posa, na siku ile ami Mbwana, ndugu ya marehemu baba, ndiye angetoa jibu. Mwidani aliomba kitu kimoja tu, kwamba kabla ya jibu awaburudishe wakwe zake kwa picha.

Mamake, Bi Mwanasaumu, alipewa kiti chetu kimoja kizima. Alikipitishia kidole kwanza, akakitazama kidole, ndipo akakaa.

"Mwanangu angeweza kuoa Nairobi," alimwambia mama. "Wasichana wa sekondari wanamwandikia."

"Mungu ampe anayemfaa," mama alisema, akamsogezea kaimati.

"Huyu wako alifika darasa gani vile?"

"La nane."

"La nane," Bi Mwanasaumu akarudia, kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta hauna chumvi.

Mwidani alikuwa ameshafungua katoni. Akatoa kitu kutoka kwenye jalada lake, tukanyoosha shingo sote. Kilikuwa kikubwa kama sinia ya pilau ya watu wawili, chembamba, kinang'aa rangi zote za mafuta ya gari yakimwagika majini.

"Hizi ni santuri za picha," alisema. "Si muziki. Afisa wa forodha pale bandarini alizigeuzageuza akaniuliza kama ni taarabu."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Kwake haikuwa mzaha, ilikuwa ushahidi wa ujinga wa watu wa huku.

"Ni picha za kauboi za zamani," akaendelea, "zile zenyewe, za wazungu waliojua kazi. Japani wamezichapa upya, safi. Hiyo mikanda ya Odhiambo mnayoisifu ni kama kutazama kupitia chandarua. Nimekuja na thelathini na sita, na kila safari nitaleta zaidi. Nitauza Nyali na hoteli za Diani, kwa watu wanaojua thamani."

"Na sisi wa huku?" ami Mbwana aliuliza.

"Nyinyi nawaonyesha bure, ami."

Ami aliacha kutafuna.

Madirisha yakafunikwa kwa leso ili chumba kiwe giza. Jirani yetu Kache, anayeuza mihogo sokoni, aliingia bila kualikwa, akaweka kikapu chake na kukaa chini mbele kabisa. Kache hapitwi na kitu. Mimi nilisimama nyuma na trei ya maji ya ukwaju, mahali ninapoweza kuona watu wote, kwa sababu hapo ndipo ninaposimama siku zote.

Nilimwona Mwidani akitazama karatasi ya mviringo katikati ya santuri. Maandishi yote ya Kijapani, lugha aliyoniandikia kwamba amejifunza kuisoma. Akatazama upande huu, akageuza, akatazama wa pili, akarudi wa kwanza. Mtu anayesoma, macho yake hutembea. Yake yalisimama.

"Hapo katikati pameandikwa nini?" Kache akamuuliza.

"Jina la picha."

"Linasemaje?"

"Ni refu."

Akaitia mashineni.

Sasa mimi, kauboi nazijua. Miaka yote ile ya viazi nilizitazama kupitia dirisha la Odhiambo, sauti imemezwa na mngurumo wa stovu, nimebakiwa na macho tu. Najua picha ya kauboi huanza na milima, na majina makubwa, na mtu mmoja juu ya farasi anatoka mbali sana. Hii haikuanza hivyo. Ilianza na watu wanaohema. Adui ana kitambaa jicho la kushoto na hatujaona nani kamchoma. Staringi anachechemea na hatujaona kaumia wapi. Mara mwanamke wa Kizungu ndani ya nguo nyeusi, anabusu fremu yenye sura ya kijana wa masharubu, kisha anakwenda kuweka maua kaburini.

Nikasema moyoni, hapa pamerukwa kitu.

Mwidani alisimama kando ya televisheni na kifimbo. Sauti ilikuwa Kiingereza cha puani tusichokishika, na chini ya picha maandishi ya Kijapani yalikuwa yanapita, naye akawa anatusomea.

"Hapa anasema, mimi ni mwana wa simba, sitawaogopa fisi wa mji huu."

Yule mtu kwenye picha akapewa kikombe cha maji, akanywa, akashukuru kwa kichwa.

"Kijapani ni lugha tamu," ami akasema taratibu, hamtazami mtu.

Mwidani alidhani amesifiwa. Akaongeza sauti. Kila mtu katika mji ule akawa mwana wa simba. Bi Mwanasaumu alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno, na mara moja moja anamtupia mama jicho la kumwambia unaona.

Saa moja haijaisha, adui akatumbukia kisimani, staringi akapanda farasi akaondoka, muziki ukalia na majina yakaanza kupanda juu. Mama alipiga makofi ya adabu. Kache akashika kikapu chake.

"Kaeni, kaeni," Mwidani akasema. "Hiyo ni nusu. Santuri hugeuzwa."

Akaigeuza. Muziki mkubwa. Milima. Majina, makubwa kama nyumba. Na kule mbali, mtu mmoja juu ya farasi.

Nikamtazama Mwidani. Kifimbo kilikuwa kimeshuka. Sasa, nikamwambia moyoni, sasa ndiyo nafasi yako. Cheka. Jipige paji la uso, useme jamani nimeanza na upande wa pili. Tutacheka sote, mamako pia atacheka, na mimi nitaolewa nawe hata kesho na koti lako.

Jicho lake likanipitia. Safari hii halikukawia. Akainua kifimbo tena.

"Huyu sasa ni pacha wa yule adui," alisema. "Amekuja kulipiza kisasi cha nduguye."

Adui, na macho yake yote mawili mazima, akashuka kwenye gari la farasi mbele ya kanisa. Ndani ya kanisa yule mwanamke wa nguo nyeusi alikuwa amevaa shela jeupe.

"Ameolewa tena," Mwidani akatufasiria. "Eda imekwisha."

"Na bwana harusi?" Kache akauliza. "Si ndiye yule wa kwenye fremu? Wa masharubu?"

"Amefanana naye."

"Mji mzima mapacha," Kache akasema. "Maji ya kisima chao yana nini?"

Chumba kikaangua kicheko. Hata mzee Nzai, aliyekuwa akingoja kizingitini kurudisha mizigo, nilimsikia akikohoa kile kikohozi cha kuficha meno.

"Mtu wa shamba atajua nini picha za ng'ambo," Bi Mwanasaumu akasema.

"Kweli, bibi," Kache alimjibu kwa upole. "Kwetu shamba tukishamzika mtu, hatumwoni baadaye akioa."

Mama alikuwa ameinamisha uso. Ami hatazami picha tena, alikuwa ananitazama mimi. Kwenye televisheni staringi akarusha kisu, na adui akashika jicho, lile lile la kushoto.

"Huyu pacha naye," Kache akaanza.

Sikutaka kusikia mengine. Nilichukua trei yangu tupu nikatoka uani. Nikamsikia Mwidani akisema ana kiu, na nyayo zake nyuma yangu.

Uani kuna pipa la maji na kamba ya nguo. Alirudisha mlango. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi tusimame peke yetu, na alinukia manukato ya melini, mageni, ya kukata pumzi.

"Umependeza," alisema.

"Mwidani."

"Labeka."

Hakuna mwanaume anayeijua labeka kama yeye. Anaitoa chini kabisa kifuani. Nikalazimika kutazama pipa.

"Ulianza na upande wa pili."

Alicheka kidogo. "Nani kakwambia?"

"Macho yangu."

"Macho ya kwenye viazi?"

"Hayo hayo. Wala sikwambii ili nikuaibishe. Kila mtu hukosea. Rudi ndani useme, jamani, nilikosea upande, basi. Watacheka, halafu watakupenda."

"Nijishushe mbele ya Kache wa mihogo?"

"Mbele ya ami. Mbele ya mama. Kache naye ni mtu."

Akakung'uta bega la koti, hapakuwa na vumbi. "Mambo madogo haya, Mwanarusi."

"Ulijua lini?"

Ndani watu walikuwa wakicheka picha bila mfasiri, na walicheka zaidi.

"Mapema," akasema mwishowe. "Dakika tano za kwanza. Sijapata kuzitazama, nilizinunua kwa katoni. Ningejuaje upande upi ni upi?"

"Na hukusimamisha."

"Kwa nini nisimamishe? Hawa ni watu wa Likoni. Uwawekee picha kichwa chini miguu juu, watakwambia nzuri. Kwani wangejua?"

"Hawa."

"Unanielewa. Si wewe."

"Mimi wa wapi, Mwidani?"

"Wewe utakuwa wangu." Akasogea. Jicho lile tena, linakawia. "Nitakutoa huku. Nitakufundisha kukaa na watu, kuzungumza na watu. Mama alipiga kelele sana kuhusu shule yako, mimi nikamwambia, darasa la nane si kitu, huyu anajua kunyamaza. Miaka mitatu kaniandikia hajawahi kuniuliza swali. Nimekuchagua kwa hilo."

Alilisema kwa mapenzi, ndilo lililonichoma. Alilisema kama mtu anayesifu ng'ombe mpole mbele ya ng'ombe mwenyewe.

"Basi leo nakuuliza. Kijapani unakisoma?"

Akatazama kamba ya nguo.

"Barua ni barua," alisema. "Mtu huandika la kumpendeza mwenziwe."

"Na hayo mengine? Kwamba unakosa usingizi. Kwamba picha yangu umeibandika juu ya kitanda, hata nahodha anaijua."

"Mwanarusi, usianze."

"Juu ya kitanda ipo?"

Alinishika mkono. Nitakuwa mwongo na mimi nikisema niliuvuta pale pale. Niliuacha. Ulikuwa mkono nilioungoja miaka mitatu, nami nikajipa nafasi ya kuujua, joto lake, kiganja laini kuliko changu. Nilitazama uso wake kwa karibu. Ni mzuri. Na kwenye pembe ya mdomo kuna kikunjo kidogo ambacho nilikuwa nakiita tabasamu.

"Ngoja nipeleke maji," nikasema, nikautoa mkono wangu.

Tuliporudi ndani picha ilikuwa imezimwa na leso zimeondolewa madirishani. Jua la jioni limemwagika juu ya watu wote. Ami alikuwa ameketi wima, kofia ameirekebisha.

"Magharibi inakaribia," alisema. "Tumalize lililotuleta. Mwanarusi."

"Abee, ami."

"Mwidani wa Bi Mwanasaumu anakutaka. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wasemaje?"

Kwetu msichana hajibu swali hilo. Huinamisha kichwa akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Wazee husoma Fatiha, wanawake hupiga vigelegele, na yeye anaingizwa ndani hajatamka kitu. Bi Mwanasaumu alikuwa ameshafungua viganja. Mama ameshapeleka pindo la leso jichoni. Mwidani alisimama karibu na televisheni yake, mikono nyuma, ametulia kama mtu anayengoja chenji yake dukani.

Nilisikia stovu ya jirani ikinguruma. Nilijua nikihesabu hadi kumi bila kusema kitu, mambo yamekwisha.

"Sikubali, ami."

Viganja vya Bi Mwanasaumu vilibaki hewani.

"Hakulisikia swali," alisema.

Ami aliniuliza tena, neno kwa neno, polepole zaidi, na sauti yake haikuwa na ukali.

"Nimelisikia, ami. Sikubali."

"Kuna sababu?"

"Ipo. Anayo Mwidani. Akitaka ataisema mwenyewe."

Watu wote wakamgeukia. Sikupanga hivyo. Nilitaka tu nisiwe mimi wa kumvua nguo mbele ya mamake.

"Darasa la nane," Bi Mwanasaumu akasema, safari hii kwa sauti. "Anamkataa mwanangu. Utakaanga viazi mpaka uzeeke, mwana wee. Hakuna atakayekuja."

"Nitakaanga, bibi."

"Na wewe, Mwanatatu, umekaa tu? Huna la kumwambia mwanao?"

Mama alikunja pindo la leso yake, akalikunjua. "Nimemsikia mara mbili," akasema. "Kwa Mwanarusi ni nyingi."

Mwidani alitoa santuri mashineni, akairudisha kwenye jalada lake kwa uangalifu, akaitia katonini na zile nyingine thelathini na tano. Halafu akaja akapita karibu yangu, karibu sana, kana kwamba anafuata kamba iliyoanguka.

"Nilikosea upande," alininong'oneza. "Haya, nimesema. Futa maneno yako."

"Sema wasikie."

Nilimwona akifikiri. Aligeuka akamtazama ami, kifua kikajaa hewa, na mimi nikangoja. Mtu asiniambie kitu kuhusu kungoja. Wallahi, angelisema lile neno moja ningeyarudisha yangu yote mbele ya watu wote wale, bila haya, nikainamisha kichwa na kunyamaza kama walivyotaka.

"Ami," alisema.

"Naam, mwanangu."

Mwidani akatazama chumba chetu. Akamtazama mama na leso yake, Kache chini na kikapu chake, mzee Nzai kizingitini akikunja mikono ya shati. Kwenye pembe ya mdomo kikunjo kile kikarudi.

"Waambie hao wasogee," akasema. "Televisheni inapita."

Tukasogea.